Mara ya Sita Tangu Shaabani

Saa nane za usiku. Nashuka tena ngazi,
kiganja ukutani, taa sijawasha,
Athman asije akaamka akauliza, "Tena?"
Neno lisilo na ubaya,
lakini hunichoma kabla mkojo haujanichoma.

Kwenye birika la choo wamo samaki watatu,
wadogo kama kokwa za tende,
tunawafuga wale viluwiluwi vya mbu.
Wamenizoea. Nikichota kwa kata hawakimbii.
Wanaijua idadi kuliko daktari:
mara nne kabla ya alfajiri,
na kila mara matone matatu, manne,
na moto.

Mchana nashona kofia.
Vitobwe kwa mamia, kila kimoja na uzi wake,
na mteja wa Langoni aitaka kabla ya Maulidi.
Mama alinifunza: fundi hainuki katikati ya safu.
Miaka ishirini sikuinuka,
nimebana, nahesabu,
na sasa kibofu kinadai deni lote
na riba juu,
kana kwamba hakijasikia ni haramu.

Duka la dawa, kijana akapaza sauti mbele ya watu:
"Bi Somoe, zile za mkojo, sivyo?"
Nikanunua na sabuni nisiyoihitaji,
mkobani pawe na kitu cha kuonyesha.

Vidonge vya kwanza vilinipa siku tisa.
Vya pili, vya manjano, siku kumi na mbili,
mkojo ukawa rangi ya chai kavu.
Vya tatu sikuvimaliza. Nilipona Jumatano,
nikavifunga karatasini, akiba ya kesho.
Akiba ile ndiyo iliyowasomesha wadudu
mpaka wakahitimu.

Jana wameniambia mkojo wangu wameuotesha.
Wameuotesha! Kama mchicha.
Binti wa maabara akanionyesha karatasi,
dawa nane kwa safu, tano kazipiga mstari:
"Hizi wameshazizoea, mama."
Zimebaki tatu. Moja ni ya sindano.

Sasa usiku una hesabu nyingine.
Nasikia kitu ubavuni, kushoto.
Ni figo? Ni godoro?
Ni yule punda wa saruji aliyenibana kichochoroni juzi?
Najibonyeza. Hapaumi.
Najibonyeza tena, mpaka pakauma.

Namkumbuka binamu yangu Mwanatumu.
Alianza hivihivi, "mkojo tu, utapita,"
kisha baridi ikamtetemesha adhuhuri, jua kali,
kisha boti, kisha basi, kisha mashine
mara mbili kwa wiki.
Daktari asema: yeye alikuwa na sukari, wewe huna.
Asema: ukiona homa, kutapika, maumivu ya mgongo,
usingoje kupambazuke.
Nimeyakariri matatu hayo kama nyiradi.
Naweka kiganja kipajini. Baridi.
Naweka tena.

Na swala, je? Swali nililipitisha kwa mke wa mwalimu,
hakulifikisha, akanijibu mwenyewe:
"Tawadha kila wakati uingiapo, uswali.
Dini si kamba ya kujinyongea.
Mimi yangu huu mwaka wa nne."
Mwaka wa nne! Bi Mwanaesha, harusi zote,
hukaa karibu na mlango,
nasi tukidhani ni kiburi.
Nikacheka hadi nikahitaji choo.

Nimeweka jagi kando ya kitambaa.
Kila safu mbili natua sindano, nakunywa,
nainuka. Mteja wa Langoni atangoja.

Usiku huu ngazi ina taa.
Ameitundika nani, hakusema,
na kukoroma kwake kule juu
si kukoroma kwa mtu aliyelala.
Samaki wameuona mwanga, wamekimbia.
Nimechuchumaa. Matone matatu,
manne,
ubavu nausikiliza,
matano.